Ndoo ya Mama Ng'oa

Ilikuwa mwaka ule wa mafuriko, maji yalipoingia sokoni na watu wakavua kambale kwenye ngazi za posta. Hapana, ngoja. Nasema uongo bila kukusudia. Wakati wa mafuriko pampu yangu ya baiskeli ilisombwa na maji, na katika habari hii pampu bado ninayo, naikumbuka mkononi. Basi ni mwaka mmoja kabla ya mafuriko. Au miwili. Uzee hushona miaka pamoja kama viraka. Ukitazama kwa juu huoni mshono umepita wapi.

Ninayetaka kumsema ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Kazini walimwita Mama Ng'oa, na mtaani nako jina likamshika, ingawa mtoto hakujaliwa. Mimi nilimwita Shemeji tu. Tulikaa ua mmoja: chumba chake upande wa lango, vyetu viwili upande wa bomba, na kibanda changu cha kutengeneza baiskeli nje kabisa, barabarani, ambako kila aliyepita alipaswa kunisalimia hata kama ana deni la salamu za wiki nzima.

Mama huyu hakuwahi kutulia. Kigoda chake kilikuwepo, ila kilikalia vumbi. Alikula amesimama, bakuli mkononi, akienda langoni na kurudi kama askari wa zamu.

"Dada, kaa basi," mke wangu alimwambia. "Chakula kitakushukia miguuni."

"Kishuke. Si ndiyo inayofanya kazi?"

Na mikono yake! Ukikaa naye dakika chache ameshakuondolea uzi uliochomoza kwenye kola. Shati likiwa na kifungo kisichofanana na wenzake, atakikata, na utatembea kifua wazi mpaka akupatie kinachofanana. Siku ya harusi yangu, mbele ya wazee wa pande zote mbili, alininyooshea mkono kichwani akaning'oa unywele mweupe, wa kwanza na wa pekee niliokuwa nao.

"Samahani shemeji," akasema. "Huyu alikuwa anakuharibia shamba."

Watu walicheka mpaka mshenga akapaliwa. Mimi pia nilicheka, machozi yakinitoka.

Sasa, mkono ule haukuzaliwa hivyo. Ulifundishwa. Alianza kazi akiwa msichana kwenye shamba la mbegu za mpunga, lile lililokuwa upande wa pili wa mfereji. Shamba la mbegu si kama shamba lako wewe la kula. Mpunga wa mbegu lazima ufanane wote, kimo kimoja, suke moja, rangi moja, kama askari kwenye gwaride. Kabla mkaguzi hajaja, wanawake wanapanga mstari, wanaingia kwenye maji, wanapita polepole wakitazama huku na huku. Anayezidi wenzake kimo, ng'oa. Mfupi, ng'oa. Mwenye ndevu kwenye punje, ng'oa. Unamng'oa na mizizi yake, unamkunja, unambeba kwapani na kumtupa juu ya tuta akauke kwa jua. Humwachi humo ndani, maana akibaki atashika tena.

Mwaka wake wa kwanza mkaguzi alikuta mpunga mmoja wenye punje nyekundu. Mmoja, shamba zima! Akakunja mdomo, akakataa mbegu zote. Wanawake walirudishwa nyumbani msimu mzima, na ingawa hakuna aliyejua ni nani alipita kwenye mstari ule, Shemeji aliamini ni yeye. Tangu siku hiyo jicho lake na mkono wake vikawa kitu kimoja. Jicho likiona tu, mkono umeshafika. Kichwa kilipata habari baadaye.

Miaka ikaenda, shamba la mbegu likafungwa. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na kituo cha utafiti wa mazao, nacho kikawachukua baadhi ya wale wanawake. Mkuu wa mpunga alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye kofia kubwa, tuliyemwita Mtafiti. Alikuwa mkali kidogo, mcheshi kidogo, na ukali na ucheshi wake vilikuwa havipeani taarifa.

Shida ya mpunga wa kwetu wakati ule ilikuwa kulala. Ulikuwa mtamu, lakini mrefu, shina jembamba. Suke likishaanza kubeba, upepo mmoja tu, shamba lote linalala chali ndani ya maji, panya wanafanya karamu. Kila mtu alitaka mpunga uleule, utamu uleule, ila mfupi na wenye shina gumu. Basi Mtafiti alichukua mfuko wa mbegu zetu akazipeleka mbali kupigwa mionzi.

Hapo maneno yakaanza mtaani. Ukila mpunga huo utang'aa gizani. Mwanamume atakuwa hivi, mwanamke atakuwa vile. Shemeji alipokuja kutueleza alichoelezwa, alieleza akitembea, nami nikamfuata kwa macho mpaka shingo ikaniuma. Alisema mionzi ni kama ile ya hospitali ya kupiga picha mifupa, ila yenye nguvu zaidi; inapita, haibaki ndani. Inaigusa mbegu huko ndani kabisa kwenye urithi wake, mahali panapoamua utakuwa mrefu au mfupi, inavuruga kidogo, basi. Na inavuruga bila kuchagua.

Mimi nililielewa kwa fani yangu. Ni kama kufumba macho ukapiga nyundo magurudumu mia. Karibu yote yatapinda. Machache hayatadhurika. Moja, kwa bahati, lililokuwa limepinda tangu zamani, litanyooka. Sasa kazi si kupiga nyundo. Mpumbavu yeyote anapiga nyundo. Kazi ni kulizungusha moja moja mpaka ulione lililonyooka.

"Umepata, shemeji," akasema. "Ila magurudumu yetu yanazaa. Na kioja hakionekani kwa mzazi, kinaonekana kwa mtoto."

Vioja, ndivyo walivyoiita mimea iliyobadilika. Msimu wa kwanza mpunga uliotoka kwenye mbegu zile haukuonyesha cha maana. Walivuna kila suke peke yake, na msimu wa pili kila suke likapandwa mstari wake: watoto wa suke moja, tumbo moja, wanasimama pamoja. Hapo vioja vikajitokeza. Kulikuwa na miche myeupe kama karatasi iliyokufa kabla haijafikia kidole. Kulikuwa na mpunga wenye majani yaliyojikunja kama masikio ya mbuzi, na mwingine uliotoa masuke matupu, fahari bure.

Siku ya kwanza Mtafiti aliwasimamisha juu ya tuta akawaambia, "Mlikotoka, asiyefanana mlimng'oa. Hapa, asiyefanana ndiye tunayemtafuta. Mkimwona, niiteni mimi nimfunge uzi mwekundu. Msimguse. Tunaelewana?"

"Tunaelewana," wakasema wote, na Mama Ng'oa alisema kwa sauti kuliko wote.

Ulimi ulielewa. Mkono haukuwepo kwenye mkutano.

Siku yenyewe alikuwa akipalilia. Magugu ya mpunga yanafanana na mpunga wenyewe, basi jicho lazima liwe kali. Asubuhi yote aliinama majini, akitoa majani, akiyakunja, akiyatupa kwenye tuta. Mchana Mtafiti akaja na kibunda cha uzi mwekundu, anatembea haraka, anatabasamu peke yake. Jana yake jioni alikuwa ameuona mpunga mmoja katika mstari wa karibu na mfereji: mfupi, umefika wenzake kifuani, shina nene kama kalamu, majani yamesimama. Uzi ulikuwa umemwishia. Akalala nao moyoni, asubuhi akakwama na wageni ofisini, sasa amekuja kuufunga.

Akafika. Akasimama. Akapiga hatua nyuma, akahesabu vijiti vya mistari, akarudi palepale.

"Alikuwa hapa," akasema. "Jana alikuwa hapa."

Pale palikuwa na shimo dogo kwenye tope, maji yameshaanza kulijaza.

Shemeji aliniambia baadaye kwamba ndipo kichwa chake kilipopata habari. Aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Alikumbuka mfupi mmoja, kweli, mgumu kutoka, aliouvuta kwa nguvu na kuukunja kwa ustadi wake wote wa miaka. Wanawake walikuwa wanamtazama. Alikuwa na sifa ya kutokosea, na alikuwa kibarua, hana barua ya kudumu. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Itakuwa fuko."

Mwenzake mmoja, yule aliyekuwa na mdomo mchafu kuliko tope, akauliza, "Fuko? Ndani ya maji? Mama, huyo fuko au kambale?"

"Fuko wa siku hizi wamesoma," Shemeji akajibu.

Wakaangua kicheko, hata Mtafiti akacheka, kisha kicheko kikamkauka usoni. Alichomeka kijiti penye shimo, akakifunga uzi mwekundu aliokuja nao, akaondoka.

Kile kijiti, ndugu yangu. Kijiti kinachomlinda mtu asiyekuwepo. Kila alipopita mstari ule kilikuwa kinamtazama.

Jioni, wenzake walipotangulia kunawa miguu, alirudi kwenye tuta akapekua marundo ya magugu. Akaukuta, umenyauka, umekunjwa, ila upande wa mizizi ulikuwa umeangukia penye unyevu. Akautia kwenye kopo lake la chakula na tope kidogo, akaja nyumbani nusu kukimbia. Nilikuwa na pampu mkononi, najaza upepo gurudumu la mteja, nikamwona anapita bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ndani nikasikia kelele za mke wangu.

"Dada, hiyo ndoo yangu ya kufulia!"

"Nitakurudishia."

"Unatia matope? Dada! Matope kwenye ndoo ya kufulia?"

"Nimesema nitakurudishia. Shemeji! Njoo, hii ndoo inavuja."

Nikaenda na gundi yangu na kipande cha mpira wa tyubu. Ndoo ilikuwa na ufa karibu na kitako. Nilikwangua kwa msasa, nikapaka gundi, nikapuliza, nikabandika, wote watatu tukiwa tumechuchumaa kama wakunga. Wakati gundi inakauka ndipo akatueleza. Alieleza ameinama. Ilikuwa mara ya kwanza namwona mikono imetulia, kaifumbata kwapani kama ina baridi.

"Ukifa huu," akasema, "nimeua kitu ambacho pengine hakitatokea tena. Mtafiti anasema kioja kizuri ni kimoja katika maelfu. Na mimi nimekitupa juani."

"Kamwambie sasa hivi," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba yule fuko ni mimi? Ukipona nitampelekea. Ukifa, nitajua la kufanya."

"La kufanya lipi?"

Aliuinua mpunga, akakata ncha za majani ili usichoke kubeba maji, akauchomeka kwenye tope la ndoo. Na hapo niseme, mpunga una moyo. Hata wakulima huukuza kwenye kitalu, wakaung'oa na kuupanda upya jarubani, wala hauna kinyongo. Ila hung'olewa ungali mtoto. Huu ulikuwa mtu mzima, suke limo tumboni tayari.

Tangu siku hiyo ua wetu haukuwa na amani. Asubuhi ndoo ipo langoni kupata jua. Jua likikaza, ndoo inahamia kivulini. Alasiri inarudi juani. Akiwa kazini, kazi ya kuhamisha ni yangu, na akirudi ananihoji kama hakimu.

"Kivuli cha kibanda au cha ukuta?"

"Cha ukuta."

"Cha ukuta kina joto, shemeji!"

"Basi kesho nitaupeleka sinema."

Kuku wakajifunza kwamba ndoo ile ina maji, na bata wa jirani wakajifunza kwamba ina tope. Nikaizungushia spoki za baiskeli kama ua. Jirani naye akajifunza mengine. Alikuja kwa mke wangu, sauti chini: "Nasikia hiyo ndoo ina mionzi. Usije ukafulia tena nguo za mumeo, atapukutika nywele."

"Mume wangu?" mke wangu akasema. "Mionzi itafute nywele kwanza."

Walicheka, lakini ndoo hakuitaka tena.

Majani ya zamani yalikauka yote. Shemeji hakula. Alitembea na bakuli likiwa limejaa, akarudi nalo limejaa. Aliacha hata kututoa nyuzi. Nilivaa shati lenye vifungo vya rangi mbili makusudi, nikajipitisha mbele yake, hakuona. Hapo ndipo nilipoogopa. Kazini, alisema, Mtafiti alikuwa akija kila siku kusimama penye kile kijiti, halafu anaenda zake. Bora angetukana.

Kisha asubuhi moja tulisikia ukelele, mke wangu akatoka na mwiko. Katikati ya ndoo palikuwa na jani jipya, kijani kibichi, limesimama kama kidole cha mtu anayeomba ruhusa kusema. Baada ya hapo likaja suke. Dogo, la aibu, punje chache. Lakini punje.

Alisubiri mpaka zilipoanza kujaa, akaniambia, "Leo, shemeji. Nipeleke kituoni kabla sijabadili mawazo."

Nikaifunga ndoo kwenye kibebeo cha baiskeli kwa mipira miwili, nikawa naisukuma, yeye pembeni ameshika ukingo wa ndoo kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Watu njiani wakauliza, "Mnahamia?" Nikazidi kusukuma.

Mtafiti alikuwa kwenye baraza la ghala, anahesabu vijiti. Aliiona ndoo kabla hajatuona sisi. Shemeji akafungua mdomo, na yale maneno aliyokuwa akiyapanga njia nzima yakamkimbia.

"Fuko ni mimi," akasema.

Mtafiti aliinama kwenye ndoo, akashika shina kwa vidole viwili, akalibonyeza. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, na sikuweza kujua ni hasira au ni nini.

"Ungeniambia siku ileile, ningeurudisha shimoni ndani ya saa moja. Saa moja tu, Mama! Sasa nitasemaje? Umekulia ndani ya ndoo. Kila kinacholelewa ndani ya ndoo ni kifupi. Hata mimi ungenilea humo ningekuwa mfupi. Nitajuaje ufupi huu ni wa mbegu au wa ndoo?"

Shemeji hakuwa amewaza hilo. Mimi mjinga nikauliza, "Si ulikuwa mfupi hata kabla ya ndoo?"

"Niliuona jioni moja, kwa mbali, jua linazama. Pengine ulikuwa mgonjwa. Pengine panya aliutafuna ukachipua upya." Akavua kofia, akajipepea. "Dawa ni moja. Tuzipande hizi punje shambani msimu ujao. Watoto wakitoka warefu, basi ilikuwa ndoo. Wakitoka wafupi, basi Mungu ametuonea huruma wote."

Hakumfukuza. Ila alimtoa kwenye majaruba ya vioja, akamweka kwenye sakafu ya kuanikia, kufukuza ndege. Na akaongeza, bila kucheka: "Ukipita kule, pita na mikono nyuma."

Sasa hapa ndipo mambo yanapochanganyika, unisikilize vizuri. Wakati wa mavuno ya msimu uleule, walipofika kwenye mstari wa karibu na mfereji, walikuta mpunga mwingine mfupi umejificha kati ya warefu waliolala. Ulikuwa umechelewa tu. Tumbo moja na wa ndoo, suke moja la mama. Mtafiti akaufunga uzi mwekundu akarukaruka kama msichana. Nilidhani Shemeji angefurahi, mzigo umeshuka. Wapi!

"Basi wangu hauna kazi tena," akasema, akaenda langoni, akarudi, akaenda. "Wakitoka warefu watautupa, na hakuna atakayeukumbuka."

"Si ulitaka upatikane? Umepatikana."

"Shemeji, wewe mtoto wako akipotea, ukaambiwa usijali kaka yake yupo, utalala?"

Msimu uliofuata ilipandwa mistari miwili ubavu kwa ubavu, wa ndoo na wa shambani. Shemeji kutwa alikuwa akifukuza ndege kwenye sakafu ya kuanikia, na kila alipopata upenyo alikwenda kwenye tuta, mikono nyuma, anapita huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndege waliona nafasi yao wakaishika. Miche ikashika. Ikafika gotini. Mistari ya jirani ikaendelea kupanda, na ile miwili? Kila jioni nilimuuliza, naye alinipima kwa mkono kwenye paja lake: "Bado. Huwezi kujua. Bado." Alikonda. Mke wangu akasema kama mpunga huu hautasema ukweli haraka, dada yake atakuwa ndiye mfupi.

Kisha ukaja ule upepo. Mchana, kabla ya mvua, vumbi limejaa angani, mabati ya kibanda changu yakipiga makofi. Nilimwona Shemeji anapita mbio kuelekea kituoni, siku ya mapumziko, nami nikapanda baiskeli ya mteja nikamfuata. Tulipofika, mvua imeshapita. Majaruba yote yalikuwa yamelala, mpunga umelazwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Na katikati, mistari miwili imesimama, inatikisika kidogo, inadondosha maji.

Mtafiti naye alikuwa ameshafika, kofia imepeperuka, hata viatu hana. Akatuona juu ya tuta.

"Njoo, Mama," akasema. "Ingia."

Shemeji akaingia majini, mikono nyuma. Akautembea mstari wa ndoo polepole, jinsi alivyofundishwa akiwa msichana, akitazama huku na huku. Wote wafupi. Wote mashina kama kalamu. Karibu na mwisho akasimama. Palikuwa na mmoja mrefu, umelala, mgeni. Pengine punje iliyodondoka kutoka mstari mwingine, pengine maji yameileta. Nilimwona bega lake la kulia linashtuka.

"Umeuona?" Mtafiti akauliza. "Huo si wetu. Ng'oa."

Mkono ukatoka mgongoni. Ukafika kwenye shina, ukalishika. Ukakaa hapo.

"Una uhakika?" Shemeji akasema.

"Nina uhakika."

"Kama nao ni kioja?"

"Mama, huo ni mpunga wa kawaida kabisa, umejaa nchi nzima. Ng'oa."

"Tusubiri suke likomae?"

"Mama Ng'oa! Nimelowa, sina viatu, nina baridi. Ng'oa twende!"

Akaung'oa. Lakini hakuukunja, wala hakuutupa kwenye tuta. Aliushika wima, mizizi inachuruzika, akaubeba hivyo hadi nyumbani. Mke wangu alikuwa mlangoni. Aliutazama mpunga, akamtazama dada yake, akageuka kuelekea ndani.

"Ndoo ipo nyuma ya choo," akasema. "Nilijua tu hairudi."

Haya. Misimu ikapita, mistari miwili ikawa vitalu viwili, kila kimoja na namba yake. Kilichochaguliwa ni kimoja. Mtafiti alihamishwa ng'ambo ya bahari kabla hajatuaga, na aliyemfuata alibadili namba zote akaweka za kwake, kwa mpango wake mwenyewe, wala si kosa. Mpunga mfupi ukatoka, ukasambaa. Leo ukisimama kwenye daraja la mfereji upepo ukipita, huoni kilicholala. Shemeji aliwauliza wote ni kipi kilichochaguliwa, cha ndoo au cha shambani. Alimuuliza mkuu mpya, akaambiwa, "Mama, ni ndugu wa tumbo moja, tofauti iko wapi?" Akajibu, "Kwangu ipo." Aliwauliza mabwana shamba, mmoja baada ya mwingine, nao wakampa kiti, naye hakukaa.

Sasa hayupo. Alikwenda kama alivyoishi, kwa miguu, asubuhi, kati ya lango na bomba. Ndoo ninayo, kile kiraka changu bado kimeshika. Na kila msimu nikienda dukani kununua mbegu, muuzaji, kijana mwenye haraka, akishapima na kufunga, mimi nasimama kidogo nazuia foleni, watu wanaguna nyuma yangu, namuuliza lilelile:

"Mwanangu, hii unayonipa ni ile ya shambani, au ni ya ndoo?"